MyopiaEd: Huduma ya Ujumbe Mfupi Inayomhimiza Mzazi Amtoe Mtoto Nje

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani wala haipakuliwi kwenye simu. MyopiaEd ni mpango wa kuwatumia wazazi na walezi ujumbe mfupi wa simu ili kuwasaidia kuzuia, au angalau kuchelewesha, tatizo la kutoona mbali kwa watoto. Uliandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, chini ya mradi wao wa pamoja uitwao Be He@lthy, Be Mobile, ulioanzishwa mwaka 2012. Mwongozo wa kuutekeleza ulitolewa mwaka 2022, na mtu yeyote anaweza kuusoma bila malipo. Serikali inayoutaka huuchukua, huurekebisha kulingana na lugha na mazingira ya watu wake, kisha hukubaliana na kampuni za simu kuhusu usambazaji. Kwa sababu hiyo, anayeutathmini huwa anapima mambo mawili kwa pamoja, yaani wazo lenyewe la kuyalinda macho ya mtoto kupitia simu ya mzazi, na aina ya jumbe zinazobeba wazo hilo. Niseme mapema kwamba wazo limenishawishi kuliko nilivyotarajia. Kuhusu jumbe, nina maoni mchanganyiko, na sehemu kubwa ya tathmini hii itakaa hapo.

Kutoona mbali hutokea pale jicho linaporefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo picha ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake. Mtoto mwenye hali hii husoma vizuri kitabu alichokishika mkononi, lakini maandishi ya ubaoni humwia ukungu. Jicho likisharefuka halirudi kuwa fupi. Miwani hunyoosha uoni bila kugusa urefu wenyewe. Tatizo linapoanza mtoto akiwa na miaka sita au saba, jicho hubaki na miaka mingi ya kuendelea kurefuka kabla ya kutulia, na ndipo anapojikuta ukubwani na kiwango cha dayopta tano au zaidi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi ya miwani), kiwango ambacho huongeza hatari ya retina kubanduka, presha ya macho na uharibifu wa sehemu ya katikati ya retina ambao miwani haiwezi kuusahihisha. Ripoti ya Dunia kuhusu Uoni, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, ilikadiria kwamba watu bilioni 2.6 wana tatizo la kutoona mbali, wakiwemo milioni 312 walio chini ya umri wa miaka 19. Mtafiti wa macho Brien Holden na wenzake, katika makadirio yao ya mwaka 2016 ambayo yamenukuliwa kila mahali tangu hapo, walisema kufikia mwaka 2050 karibu nusu ya watu wote duniani watakuwa nalo.

Swali la kwanza analopaswa kujiuliza mtu anayetathmini huduma kama hii ni kama kuna jambo lolote ambalo mzazi anaweza kulifanya, kwa sababu ujumbe unaomtahadharisha mtu juu ya balaa asiloweza kulizuia ni wa kumwongezea wasiwasi tu. Hapa jibu ni kwamba lipo, tena ni rahisi kulieleza: mtoto atoke nje mchana. Utafiti wa macho ya watoto wa Sydney, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008 na Kathryn Rose na wenzake, ulionyesha kwamba watoto waliokaa nje kwa muda mrefu zaidi hawakupatwa na tatizo hili kwa wingi kama wenzao, hata walipokuwa wakisoma sana vitabuni. Michezo ya ndani ya ukumbi haikuwapa faida hiyo, jambo lililowaelekeza watafiti kwenye mwanga badala ya mazoezi ya mwili. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, na dopamini hiyo hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Tofauti ya mwanga yenyewe ni kubwa kuliko macho yetu yanavyotuambia, kwa kuwa chumba chenye taa nzuri mara nyingi hakifikishi luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali nje kwenye jua kali kipimo huweza kufika luksi 100,000, na hata kivulini chini ya mti hubaki juu sana kuliko ndani.

Swali la pili ni gumu zaidi. Je, kumwambia mzazi kwa simu kunamfanya amtoe mtoto nje? Wengi wetu tumepokea jumbe za afya na kuzifuta kabla ya kuzimaliza, na nilipoanza kuusoma mwongozo huu nilikuwa na shaka hiyohiyo. Kilichoipunguza ni jaribio lililofanywa katika mji wa Anyang nchini China na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Pediatrics. Watoto 268 wa darasa la pili katika shule moja waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Wazazi wa kundi la kwanza walitumiwa ujumbe mfupi mara mbili kila siku kwa mwaka mmoja, wakihimizwa kuwatoa watoto wao nje. Wazazi wa kundi la pili hawakutumiwa chochote cha aina hiyo. Baada ya mwaka huo jumbe zilikoma, lakini watoto waliendelea kufuatiliwa hadi mwaka wa tatu.

Watafiti hawakuwauliza wazazi ni muda gani mtoto amekaa nje, swali ambalo kila mzazi hulijibu kwa namna ya kumpendeza muulizaji, bali waliwavalisha watoto vifaa vidogo vya kupima mwanga. Vifaa hivyo ndivyo vilivyoonyesha kwamba watoto wa kundi la jumbe walipata mwanga mwingi zaidi na kukaa nje muda mrefu zaidi, na kwamba tofauti hiyo ilionekana siku za mwisho wa wiki. Katika mwaka wa kwanza macho yao yalirefuka kwa wastani wa milimita 0.27, na yale ya wenzao kwa milimita 0.31. Ukiitazama tofauti hiyo ya milimita 0.04 peke yake utaidharau, na kwa mtoto mmoja mmoja ni ndogo kweli, kwa kuwa milimita nzima ya urefu hulingana na takriban dayopta mbili na nusu hadi tatu. Lakini watoto wa umri huo wamesimama karibu sana na mstari unaotenganisha uoni wa kawaida na kutoona mbali, hivyo hata msukumo mdogo huamua wangapi watauvuka. Kufikia mwaka wa pili, waliokuwa na tatizo katika kundi la jumbe walikuwa asilimia 38.3, na katika kundi lingine asilimia 51.1. Mwaka wa tatu, miaka miwili baada ya ujumbe wa mwisho kutumwa, ilikuwa asilimia 46.8 kwa 65.4.

Matokeo ya kuendelea kwa faida baada ya jumbe kukoma yananivutia kuliko tarakimu zenyewe. Huduma nyingi za simu hufa siku ile zinapozimwa, na mtu hurudi kwenye mazoea yake ya zamani. Hapa inaelekea mwaka mmoja wa kukumbushwa ulitosha kuyabadili mazoea ya familia, au angalau kulipitisha jicho salama katika kipindi ambacho hurefuka kwa kasi. Hata hivyo sitaki kulipamba jaribio hili kuliko linavyostahili. Ni shule moja, watoto hawafiki mia tatu, na jamii yenyewe ni ile ambayo tatizo tayari limeenea sana na wazazi wanalifahamu. Mzazi ambaye hajawahi kumwona mtoto wa jirani akivaa miwani huenda akausoma ujumbe uleule kwa jicho jingine kabisa. Vilevile jumbe za Anyang zilishikilia jambo moja tu, kumtoa mtoto nje, na anayepanga huduma mpya asilisahau hilo.

MyopiaEd haikujifunga kwenye jambo moja. Mbali na kuhimiza muda wa nje, mpango huu unazungumzia kupunguza kazi za karibu na matumizi ya skrini, kupima macho mara kwa mara, na kumfanya mtoto aliyeandikiwa miwani aivae. Mwongozo wenyewe umepangwa kama miongozo mingine ya mradi wa Be He@lthy, Be Mobile: kuna sehemu ya usimamizi, ya kuandaa na kurekebisha maudhui, ya kuwafikia na kuwabakiza walengwa, ya teknolojia, na ya ufuatiliaji na tathmini. Kwa ofisa wa wizara anayeanza na karatasi tupu, hazina hii ni kubwa, kwa sababu humwonyesha nani anapaswa kukaa mezani tangu siku ya kwanza, na humwepusha na kosa la kawaida la kununua mfumo wa kutumia jumbe kabla ya kujua zitasema nini. Sehemu za usimamizi na teknolojia ni za kusomwa na wahusika. Msomaji wa kawaida anaweza kuziruka bila kupoteza kitu.

Kwenye maudhui ndipo ninapotofautiana kidogo na hulka ya jumbe za afya kwa jumla, na mtu atakayeirekebisha MyopiaEd anahitaji kuwa macho. Kishawishi kikubwa cha mwandishi wa jumbe hizi ni kufundisha. Ataandika kitu cha namna hii, ambacho nimekitunga mwenyewe kwa mfano: «Mzazi mpendwa, je, unajua kwamba kutoona mbali ni tatizo linaloongezeka kwa kasi duniani? Tuyalinde macho ya watoto wetu kwa ajili ya maisha bora ya baadaye.» Hakuna kosa la ukweli ndani yake, lakini mzazi akimaliza kuusoma hana la kufanya. Nusu ya nafasi imeliwa na salamu na nasaha. Sasa linganisha na huu, ambao nao ni wangu, uliokusudiwa kutumwa Ijumaa jioni: «Kesho Jumamosi. Mtoto atoke nje dakika 60 asubuhi na 60 jioni. Acheze, atembee au akae kivulini. Avae kofia, asitazame jua.» Ujumbe huu una siku, kipimo na tendo, na umejibu mapema hoja mbili ambazo mzazi angezitoa, yaani kwamba jua ni kali na kwamba mtoto wake si mpenda mbio. Elimu ya kwa nini jicho hurefuka inaweza kuja wiki nyingine, katika ujumbe wake wenyewe, kwa mzazi ambaye tayari ameanza kutenda na anataka kujua sababu.

Kipimo cha saa mbili kwa siku si cha kubuni. Taiwan ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kuwatoa wanafunzi nje kwa dakika 120 kila siku, na baada ya miaka mingi ambayo idadi ya wanafunzi wenye uoni hafifu ilikuwa ikipanda tu, takwimu za shule za msingi zikaanza kushuka, kutoka asilimia 49.4 mwaka 2012 hadi 46.1 mwaka 2015. Lakini ujumbe unaotaja saa mbili peke yake humkatisha tamaa mzazi ambaye mtoto wake anatoka shuleni jioni. Ningependa jumbe ziseme waziwazi kwamba muda huo unaweza kukatwa vipande, na kwamba kutembea kwenda shule, mapumziko ya saa nne na kazi ndogo za uani vyote vinahesabika. Katika jaribio la mji wa Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2015, dakika 40 tu za ziada nje kila siku ya shule ziliwapunguza watoto waliopatwa na tatizo katika miaka mitatu kutoka asilimia 39.5 hadi 30.4. Mzazi anayejua kwamba hata dakika 40 zina faida hataacha kila kitu kwa sababu ameshindwa kufikisha 120.

Kuhusu skrini nina tahadhari. Watu wengi, wakiwemo wataalamu, wanapenda kuilaumu simu na tabuleti, na lawama hiyo ina mashiko kwa kiasi fulani, kwani kazi ya karibu inayoendelea bila mapumziko inahusishwa na tatizo hili. Takwimu za Sydney zilionyesha uhusiano na kusoma mfululizo kwa zaidi ya dakika thelathini na kushika kitabu kwa umbali usiofika sentimita thelathini. Hata hivyo ushahidi kwamba kupunguza skrini pekee huzuia kutoona mbali haufikii nguvu ya ule wa kukaa nje. Idadi ya watoto wenye tatizo ilikuwa ikipanda Asia ya Mashariki kabla simu janja hazijakuwepo. Jumbe zinazomwambia mzazi «mnyang'anye mtoto simu» huanzisha vita nyumbani, na zinaweza kumfanya mtoto aiweke simu chini na kushika kitabu, chumba kilekile na mwanga uleule, jambo ambalo kwa jicho lake halibadilishi mengi. Ujumbe bora huviunganisha viwili: simu iwekwe ndani, mtoto atoke. Kwa watoto wadogo sana Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake tangu mwaka 2019, kwamba walio chini ya miaka miwili wasikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, lakini kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya usingizi, mwendo wa mwili na makuzi kwa jumla, na ujumbe usikitumie kana kwamba ni dawa ya macho.

Hali ni hiyohiyo kwa ile kanuni maarufu ya kuangalia kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde ishirini kila baada ya dakika ishirini. Ni kanuni nzuri ya kupumzisha macho yaliyochoka. Mtoto wa miaka saba hataifuata, mzazi wake hatakaa na saa mkononi, na hakuna ushahidi madhubuti kwamba inazuia jicho kurefuka. Ningeiondoa kabisa kwenye jumbe za watoto, na nafasi yake nikaipa jambo ambalo MyopiaEd inalipa uzito unaostahili, yaani miwani.

Kwenye miwani jumbe za simu zinaweza kufanya kazi ambayo daktari wa macho hana muda wa kuifanya, kwa sababu uvumi unaozunguka miwani ya watoto ni mwingi na mgumu kufa. Kuna wazazi wanaoamini kwamba miwani hudhoofisha macho, kwamba mtoto akiizoea hataweza kuiacha, au kwamba ni afadhali apewe yenye nguvu pungufu ili jicho lijitahidi lenyewe. Imani hiyo ya mwisho ilijaribiwa nchini Malaysia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, na watoto waliopewa lenzi pungufu kwa makusudi waliendelea kuharibika kwa kasi zaidi kuliko waliopewa kipimo kamili. Ujumbe mmoja unaosema kwamba miwani ya kipimo sahihi haiharibu jicho, ukafuatwa siku chache baadaye na mwingine unaomuuliza mzazi kama mtoto ameivaa shuleni leo, una thamani kubwa. Pale ambapo kuna watoto wengi wenye miwani iliyofungiwa kabatini, huenda jumbe hizi zikaleta faida ya haraka kuliko zote, kwa kuwa mtoto huona ubao siku hiyohiyo.

Upimaji nao unahitaji maneno ya wazi. «Mpeleke mtoto akapimwe macho» haitoshi. Mzazi anataka dalili anazoweza kuziona mwenyewe: mtoto anayekodoa macho akitazama mbali, anayesogea karibu na televisheni, anayenakili kazi za ubaoni kutoka kwa jirani yake, anayelalamika kuumwa kichwa. Anataka pia kujua kwamba mtoto ambaye baba au mama yake ana tatizo la kutoona mbali yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na zaidi sana kama wazazi wote wawili wanalo. Na kwa kuwa njia imeshafunguka, ningeongeza ujumbe mmoja au miwili isiyohusu kutoona mbali kabisa, juu ya jicho lenye mng'ao mweupe katikati au macho yaliyoanza kwenda upande, kwa maana hizo ni dalili za kumpeleka mtoto hospitali bila kungoja.

Jambo ambalo mwongozo wowote wa jumbe lazima uliheshimu ni ufinyu wa chombo chenyewe. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160, vituo na nafasi tupu vikihesabiwa. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi ambazo simu zote zinazielewa, hivyo tuna bahati ya kuitumia nafasi hiyo yote. Lakini kuna mtego mdogo ambao watayarishaji huugundua bili ikishafika: alama ya ritifaa iliyopinda, ile ambayo kompyuta huiweka yenyewe katika maneno kama ng'ombe au kung'aa, haimo kwenye orodha ya alama za kawaida za ujumbe mfupi, na inapoingia, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe mmoja hugeuka kuwa miwili au mitatu, na gharama hupanda kwa kiasi hicho. Vikaragosi vya nyuso na mioyo huleta hasara ileile. Ritifaa iliyonyooka haina tatizo.

Ufinyu huo huo ndio unaonifanya niupendelee ujumbe mfupi kuliko programu ya simu janja, ingawa ya pili inaweza kubeba picha, sauti na video. Ujumbe mfupi hufika kwenye simu ya vitufe, hauhitaji bando wala intaneti, hausahauliki ndani ya msururu wa makundi ya gumzo, na mzazi huusoma kwa sekunde kumi kisha huiweka simu chini. Programu ya kulinda macho inayomtaka mzazi na mtoto wakae wakiitazama skrini ingekuwa kichekesho. Kwa sababu hiyohiyo nadhani ni sahihi kwamba mlengwa mkuu wa huduma ni mtu mzima. Anayepaswa kuipokea simu ni mzazi, na anayepaswa kutoka nje ni mtoto.

Tatizo ni kwamba mwenye laini na mwenye mtoto si mtu mmoja kila wakati. Anayesajiliwa mara nyingi ni mzazi aliyefika shuleni au kliniki siku ile, na huenda saa kumi jioni, wakati mtoto anapohitaji kuambiwa atoke, mzazi huyo yuko kazini na mtoto yuko na bibi, shangazi au dada wa nyumbani. Ujumbe unamfikia asiyeweza kutenda. Huduma iliyofikiriwa vizuri inapaswa kukubali namba mbili kwa mtoto mmoja, na kumuuliza mzazi saa inayomfaa kupokea ujumbe. Aliyesajiliwa aweze pia kujiondoa kwa kujibu neno moja, asikatwe salio kwa ujumbe wowote anaoupokea au kuutuma, na asiombwe jina wala picha ya mtoto. Umri na darasa vinatosha kumchagulia jumbe zinazomfaa. Mwongozo unasisitiza ufuatiliaji, na ninaunga mkono, ila kufuatilia kwa kuwauliza wazazi wajibu kwa simu kutatoa majibu ya kupendeza mno. Vipimo vya macho mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, hata kwa sampuli ndogo ya shule, vinasema kweli zaidi.

Mara ngapi kwa wiki? Anyang walituma mara mbili kwa siku, na ilifaa, lakini mimi ningeogopa kuwachosha watu. Kwa kuwa vifaa vyao vya kupima mwanga vilionyesha tofauti mwishoni mwa wiki, nguvu zielekezwe huko: ujumbe Ijumaa jioni, mwingine Jumamosi asubuhi, na mmoja Jumapili. Siku za shule zinahitaji mkono mwingine. Mtoto huondoka nyumbani asubuhi na kurudi jua likielekea kuzama, na katikati hapo ratiba iko mikononi mwa mwalimu. Ujumbe kwa mzazi hauwezi kufungua mlango wa darasa wakati wa mapumziko. Guangzhou na Taiwan zilipata matokeo yao kwa kubadili siku ya shule, na nchi itakayoanzisha MyopiaEd huku shule zikiendelea kuwafungia watoto ndani wakati wa mapumziko, au kuwaongezea masomo ya ziada Jumamosi, itakuwa inawatupia wazazi mzigo ambao sehemu yake kubwa si yao. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa juu ya huduma za namna hii kwa jumla. Kutuma ujumbe ni rahisi kuliko kubadili ratiba, na kilicho rahisi kina tabia ya kufanywa peke yake.

Kuna pia kikomo cha kitabibu ambacho jumbe zinapaswa kukiri. Kukaa nje kunasaidia zaidi kuzuia tatizo lisianze. Kwa mtoto ambaye jicho lake limeshaanza kurefuka, faida ya kulipunguzia kasi ni ndogo na ushahidi wake haujatulia. Mtoto huyo anahitaji kufuatiliwa na daktari, ambaye leo ana njia kadhaa za kujaribu, kuanzia matone ya dawa ya atropini ya kiwango cha chini hadi lenzi maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya kupunguza kasi hiyo. Haifai mzazi wa mtoto aliyekwisha kuvaa miwani aendelee kupokea jumbe zilezile za kuzuia, kana kwamba ameshindwa mtihani. Anayesajili familia aulize mwanzoni kama mtoto tayari ana miwani, na kutoka hapo zifuatwe njia mbili tofauti za jumbe.

Kwa hiyo, kama wizara au shirika lingeniuliza kama lianze, ningeliambia lianze, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili kabla macho yao hayajaanza kubadilika, kwa jumbe chache zenye siku, dakika na tendo. Mzazi ambaye kwao huduma hii haijafika hana haja ya kuingoja, kwa kuwa simu yake tayari ina kengele; akiiweka ilie Jumamosi na Jumapili saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, atakuwa amejipatia sehemu kubwa ya kile ambacho ujumbe ungemwambia.